Mchanga wa Ujiji, Mwamba wa Kigoma

Teremka Ujiji hadi mwaloni, vua viatu, kisha kanyaga mchanga mahali ambapo wimbi limetoka sasa hivi kurudi ziwani. Utaona jambo ambalo kila mtoto wa Ujiji amelicheza. Mchanga uliokuwa uking'aa kwa maji unakauka ghafla kuuzunguka unyayo wako, unapauka kama uliopigwa jua saa nzima. Inua mguu, na lile shimo la unyayo linajaa maji tena. Yalikuwa yamekwenda wapi?

Aliyelijibu swali hilo kwa mara ya kwanza kisayansi ni Osborne Reynolds, profesa wa uhandisi wa Manchester, mwaka 1885. Punje za mchanga zilizokwisha kujipanga na kubanana haziwezi kusogea bila kupandana. Zikipandana, nafasi baina yake hupanuka, na maji ya juu hunyonywa chini kwenda kuijaza nafasi hiyo. Kwa muda huo mfupi ambao maji yananyonywa, punje hushikana kwa nguvu, na ndiyo maana unyayo hauzami. Sasa sogea mbele kidogo, simama kwenye maji ya kifundo cha mguu, usitikisike, uache mawimbi matatu manne yapite. Mchanga uleule uliokubeba unachimbwa chini ya kisigino, unakwenda na maji, na mwili unaanza kuegemea nyuma.

Nimeanza na unyayo kwa sababu historia ya miji hii miwili, Ujiji na Kigoma, husimuliwa kwa majina ya wapelelezi, wafanyabiashara na maofisa, na wanastahili kutajwa. Lakini ardhi waliyoikanyaga ilikuwa na kauli yake, na kauli hiyo ilishinda. Kati ya miji hii kuna kilomita zisizozidi kumi. Mmoja umekaa juu ya mchanga uliolazwa na mto na ziwa, mwingine umejiegemeza kwenye vilima vya mawe ya kale. Ukitaka kujua kwa nini reli iliupita mji mkubwa na kuishia penye kijiji cha wavuvi, inabidi uinamie chini.

Richard Burton na John Speke walipofika ziwani Februari 1858, Ujiji ndiyo ilikuwa jina la mwisho wa safari. Misafara ya pembe na ya watumwa iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora iliishia hapa, na mitumbwi ilivuka kutoka hapa kwenda Uvira na Umanyema. Nyumba zake zilikuwa za miti na udongo, namna ambayo bado ipo. Fundi huchimba mashimo, husimamisha nguzo, hufunga fito, kisha hukandika. Kila nguzo ya nyumba ile ni msingi mdogo wa nguzo, ingawa hakuna anayeuita hivyo. Inabeba paa kwa namna mbili: kitako chake kinasukuma ardhi ya chini, na ubavu wake unasuguana na udongo ulioshindiliwa kuuzunguka. Fundi anayeshindilia udongo kwa mpini wa jembe, akizunguka nguzo na kuigusa aone kama inacheza, anaongeza msuguano wa ubavu. Wahandisi wa leo, kwa mitambo yao ya mamilioni, wanatafuta namba mbili hizohizo: kitako kinabeba kiasi gani, na ubavu unashika kiasi gani.

Novemba 1871, kwa hesabu inayotajwa zaidi, Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone Ujiji. Mahali wanaposema walikutania pana mnara na jumba la kumbukumbu, na miembe. Wageni hupiga picha chini ya miembe hiyo, kisha huuliza ziwa liko wapi. Swali hilo linafurahisha kuliko la miembe, kwa sababu ziwa limehama. Wakati ule maji yalikuwa karibu. Leo inabidi uteremke na kutembea ndipo uyafikie.

Kisa chake kiko ng'ambo, upande wa Kongo, kwenye mto Lukuga. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 673 na kina kinachofika mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Lukuga. Verney Lovett Cameron alipofika mlangoni hapo mwaka 1874, na Stanley baada yake mwaka 1876, waliukuta umezibwa na majani, matete na tope. Kwa kuwa mlango ulizibwa, ziwa lilikuwa likipanda. Stanley alitabiri kwamba litajipasulia njia. Haikuchukua muda. Kilele kilifikiwa karibu na mwaka 1878, mwaka ambao Edward Hore wa Jumuiya ya Wamisionari ya London alifika kukaa Ujiji. Mwaka uliofuata Hore, na baadaye Joseph Thomson, waliiona Lukuga ikienda kwa kasi kuelekea magharibi. Kizibo kilikuwa kimetoka. Hadi katikati ya miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kwa takriban mita 10.

Mita 10 si mchezo. Kwenye ukingo wa mawe, maji yakishuka mita 10 yanaacha alama nyeupe kwenye miamba na ghuba inabaki ghuba. Kwenye ufuko wa mchanga unaoteremka polepole, maji yakishuka kiasi hicho yanarudi nyuma kwa umbali mrefu, na nyuma yake yanaacha uwanda mpya wa mchanga, tope na mabwawa. Ujiji ulipata ardhi ambayo haikuiomba na ukapoteza bandari. Mto Luiche, unaoingia ziwani kusini mwa mji, uliendelea kuleta shehena yake ya mchanga kila masika. Mashua iliyokuwa ikitia nanga mbele ya soko sasa ilikwama mbali.

Na kuna jambo la pili lililotendeka chini ya ardhi, lisiloonekana kwa macho, ambalo hakuna mtu wa wakati ule aliyekuwa na maneno ya kulieleza. Nitalirudia, maana ndilo moyo wa habari hii.

Wajerumani walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905, kazi ikiwa mikononi mwa kampuni ya Philipp Holzmann. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na tarehe 1 Februari 1914 reli ikafika ziwani, baada ya kilomita zipatazo 1,250. Haikufika Ujiji. Iliishia Kigoma, ndani ya ghuba yenye kina na iliyokingwa na upepo. Yeyote aliyeshuhudia Ziwa Tanganyika likichafuka hatashangaa kwamba kinga ile ilikuwa na thamani. Ila mimi nasisitiza upande wa ardhi. Vilima vya Kigoma ni vya mawe magumu ya kale, mchanga uliogeuka jiwe mamilioni ya miaka kabla bonde la ufa halijapasuka. Jengo la stesheni, lile linaloutazama mji kutoka pale mtaa unapoishia, lilipata mahali pa kukanyaga. Si kwamba Kigoma yote ni mwamba. Kando ya maji kuna kifusi na tope kama kwingine. Lakini ukichimba unafika.

Kabla ya kufika Kigoma, reli ililazimika kupita nyanda chepechepe za Malagarasi, mto ambao wanajiolojia wanauona kuwa mkongwe kuliko ziwa lenyewe: ulikuwa ukielekea Kongo kabla ufa haujaukata. Tuta la reli likipandishwa juu ya tope la namna ile huanza kuzama siku hiyohiyo na huendelea kuzama kwa miaka, kwa sababu tope limejaa maji na maji hayatoki haraka. Wajenzi wa reli walijua hilo kwa mazoea. Waliongeza udongo, ukazama, wakaongeza tena. Hesabu ya kusema litazama kiasi gani, na kwa muda gani, haikuwapo popote duniani. Wala hawakujua namna ya kuhesabu tetemeko. Tarehe 13 Desemba 1910, reli ikiwa bado haijafika Tabora, ardhi ya Rukwa kusini mwa hapo ilitikisika kwa tetemeko la kipimo cha 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa kuwahi kupimwa Afrika.

Meli ilifuata reli. Graf Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000 na kuletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Mafundi watatu walikuja nayo, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, na mamia ya vibarua Waafrika walioigonga ribiti moja baada ya nyingine. Majina yao hayakuandikwa, na hilo linaniuma kila ninapolisoma. Februari 5, 1915 ilishushwa majini. Kwa miezi kadhaa mwili wa chuma wa mita 71 ulikua juu ya chelezo, na uzito wote uliokuwa ukiongezeka kila siku ulipita kwenye magogo hadi ardhini. Chelezo ikizama upande mmoja kwa upana wa vidole viwili tu, mabati hayakutani na ribiti haziingii. Ardhi ya Kigoma ilivumilia. Kwenye mchanga mpya wa Ujiji kazi ileile ingehitaji kwanza msitu wa nguzo kupigiliwa chini.

Meli hiyo iliishi maisha mafupi ya kivita. Julai 26, 1916, majeshi ya Ubelgiji yakikaribia, mafundi wale waliipaka mitambo yake mafuta mazito na kuizamisha kwa makusudi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na Mei 1927 ilianza kazi tena kwa jina la Liemba, ambalo wazee na vijana wa Kigoma wanalijua kama wanavyolijua jina la ndugu.

Mwaka uleule wa 1916 ambao meli ilizamishwa, mhandisi mmoja mzaliwa wa Praha, Karl Terzaghi, alipelekwa Istanbul kufundisha. Alikuwa na miaka 33 na alikuwa amechoshwa na kazi yake mwenyewe. Alikuwa ameona mabwawa na majengo yakishindwa, na kila mara sababu ilisemwa kuwa ni udongo, kana kwamba hilo lilikuwa jibu. Akaanza kuupima udongo kwa vyombo alivyojitengenezea: anaubana kidogo, anasubiri, anasoma, anaongeza. Mwaka 1925 alichapisha kitabu chake cha Kijerumani kilichoanzisha sayansi ya umakanika wa udongo. Wazo lake kuu linaweza kuelezwa kwa maneno machache.

Ukiweka mzigo juu ya ardhi iliyojaa maji, mzigo unagawanywa. Sehemu inabebwa na maji yaliyomo kwenye matundu, sehemu inabebwa na punje zinazogusana. Maji hayana msuguano. Nguvu yote ya udongo, uwezo wake wote wa kubeba, unatoka kwenye kile ambacho punje zinabanana zenyewe kwa zenyewe. Chukua uzito wote, toa shinikizo la maji, kinachobaki ni mbano wa punje, na huo ndio unaohesabika. Ni kutoa kwa darasa la tatu, na bado binadamu aliyejenga mapiramidi hakuwa amelifikiria.

Sasa rudi Ujiji na lile jambo nililoliahidi.

Mchanga wenye unyevu juu ya usawa wa maji una uzito wa tani 1.8 hivi kwa kila mita ya ujazo. Mchanga huohuo ukizama, maji yanauinua, na mbano unaotokana nao unabaki kama tani 1. Kwa hiyo maji ya ardhini yakishuka mita 1, udongo wote ulio chini yake unaongezewa mzigo wa karibu tani 0.8 kwa kila mita ya mraba, bila mtu kuleta hata tofali moja. Yakishuka mita 5 ni tani 4, sawa na kulipandisha jengo la ghorofa tatu au nne juu ya uwanda mzima. Mchanga unalipokea hilo mara moja. Tope na mfinyanzi vinalipokea polepole, vikikamuliwa maji mwaka hadi mwaka, vikipungua unene. Ufuko wa Ujiji baada ya 1878 ulikuwa ukizama kwa siri chini ya nyayo za watu walioona maji yanaondoka na kudhani ndiyo yote yaliyotokea.

Hapo ndipo nguzo inaweza kugeukwa. Iliyopigiliwa kabla ya ardhi kuzama ilishikwa na udongo ubavuni, udongo ukiizuia isiende chini. Ardhi inapozama kuizunguka, msuguano unageuka mwelekeo. Udongo unaishika nguzo na kuivuta chini pamoja nao. Mshikaji anakuwa mzigo. Jengo linaloonekana halijaongezewa kitu linaanza kupasuka, na mwenye nyumba anamlaumu fundi.

Maji yakipanda, mambo yanageuka. Mchanga wa juu uliokuwa ukibana kwa tani 1.8 kila mita unarudi kwenye tani 1, na msingi wa kawaida uliochimbwa pale, ule wa mtaro wa mawe na zege, unapoteza karibu nusu ya uwezo wake hata kabla wimbi halijaugusa. Na kuna jambo ambalo wengi hulikosea: maji yakishafunika ardhi kabisa, kupanda zaidi hakubadilishi mbano wa punje, kwa sababu uzito wa maji ya juu na shinikizo la ndani vinaongezeka sawasawa. Chini ya mita 1,000 za maji tope la Ziwa Tanganyika ni laini kama uji. Adui wa nguzo iliyo majini ni wimbi linalochimba mchanga kuizunguka, kama lilivyochimba kisigino chako. Nguzo iliyoshikwa kwa mita 12, ikichimbwa 3, imebaki na 9, na zile zilizobaki nazo zimepunguziwa mbano wa udongo ulioondoka juu yake.

Kuhusu nguzo za mti, ziwa letu lina tabia inayostahili kutajwa. Pwani ya bahari kuna mdudu anayetoboa mbao, ndiyo sababu mafundi wa majahazi hupaka deheni sehemu ya chombo inayozama majini. Tanganyika ni maji baridi, mdudu huyo hayupo. Mti uliozama moja kwa moja kwenye tope lisilo na hewa unaweza kudumu karne nyingi. Venice imesimama juu ya magogo ya namna hiyo. Uozo unaingia pale panapolowa na kukauka, kwenye mpaka wa maji na hewa. Sasa fikiria ziwa ambalo mpaka huo ulihama mita 10 ndani ya miaka isiyofika 20. Nguzo ya mti katika ufuko wa Ujiji haikuwa na mahali salama pa kukatia kichwa chake.

Mwaka 1921 Ubelgiji na Uingereza zilikubaliana kwamba Wabelgiji wapate eneo lao katika bandari ya Kigoma na jingine Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite. Hapo gati na kreni za Kigoma zilipata kazi ya kweli, na suala la nguzo likawa la kila siku. Gati ni kitu kigumu kuliko nyumba, kwa sababu mzigo wake unakuja kutoka pande zote: kreni inabonyeza chini, meli inagonga ubavuni, kifusi cha nyuma kinasukuma kuelekea ziwani.

Kwa miaka mingi wapigaji nguzo walitegemea nyundo yenyewe iwaambie. Mmarekani Arthur Wellington alitoa kanuni mwishoni mwa miaka ya 1880: zidisha uzito wa nyundo kwa kimo inachoanguka, gawa kwa kiasi nguzo ilichoingia kwa pigo la mwisho pamoja na nyongeza kidogo, na utapata mzigo inaoweza kubeba. Nguzo ikiacha kuingia, fundi husema imegoma, na kazi imekwisha. Kanuni hii inapendeza na imewadanganya wengi. Ukiipigilia nguzo kwenye mfinyanzi uliojaa maji, pigo linapandisha shinikizo la maji, punje zinaachana, na nguzo inateleza kama kisu kwenye siagi. Iache wiki chache, maji yatulie, urudi na nyundo: imeshikwa barabara. Kwenye mchanga wa punje ndogo sana uliobanana, kinyume chake hutokea. Leo imegoma, wiki ijayo inaingia. Ukielewa kutoa kwa Terzaghi, vyote viwili havishangazi.

Njia ya leo huanza na kutoboa. Kwenye mwalo utaona miguu mitatu ya chuma imesimama, kamba, na nyundo ya kilo 63.5 inayoachiwa ianguke sentimita 76 juu ya fimbo ndefu. Mwisho wa fimbo kuna bomba linalofunguka kati. Sentimita 15 za kwanza hazihesabiwi. Mmoja anahesabu kwa sauti mapigo ya sentimita 30 zinazofuata, mwingine anaandika. Mapigo 3: mchanga umelala tu, haujabanana. Mapigo 15: wa wastani. Yakipita 50, mmefika mahali pagumu, au mmegonga jiwe. Kisha bomba linavutwa na kufunguliwa, na mle ndani, kwenye kipande kifupi kama mkono wa mtoto, unaona mchanga mweupe, juu yake utando mweusi wa majani yaliyooza, halafu mchanga tena wenye vipande vya konokono wa ziwa. Ziwa lilikuwa hapa, likaondoka, likarudi.

Kutokana na namba hizo nguzo inapangwa. Chukua nguzo ya zege yenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 15. Ubavu wake una eneo la mita za mraba 28 na kidogo. Udongo ukishika tani 4 kwa kila moja, ubavu unabeba tani 113. Kitako kina mita za mraba 0.28, kikikaa kwenye mchanga uliobanana vizuri wenye uwezo wa tani 500 kwa mita ya mraba, kinabeba tani 141. Jumla 254. Mhandisi mwenye hofu ya Mungu anagawa kwa 2.5 na kuipa nguzo tani 100. Ile namba ya kugawia haijatokana na hesabu. Imetokana na majengo yaliyoanguka.

Mwaka 1964 ziwa lilirudi. Mvua kubwa zilizoanza mwaka wa uhuru, 1961, zililipandisha kwa miaka mitatu mfululizo hadi kilele ambacho wazee wa mwambao waliotumia utoto wao wakati ule wanakikumbuka. Juni ya mwaka huohuo, mbali sana na hapa, mji wa Niigata nchini Japani ulitetemeka, na majengo ya ghorofa yaliyojengwa juu ya mchanga uliojaa maji yalilala chali, mazima, bila kuvunjika. Mchanga ambao haujabanana ukitikiswa hutaka kujipanga upya; maji hayana pa kwenda; shinikizo lake linapanda hadi mbano wa punje unafika sifuri, na kwa dakika chache ardhi ni majimaji. Mkasa ule ndio uliowafanya wahandisi wa dunia nzima wauogope mchanga wa kando ya maji. Sisi tuna kila kiungo chake: mchanga uliolazwa juzi na mto, maji karibu na uso, na bonde la ufa ambalo bado linapasuka. Desemba 5, 2005, tetemeko la kipimo cha 6.8 lilianzia ziwani humu. Kalemie, ng'ambo, nyumba zilianguka na watu wakafa. Kigoma ilitikisika na kupona.

Halafu ikaja mvua ya mwisho wa 2019, na miaka iliyoifuata. Ziwa lilipanda tena, likawafukuza watu wa Gatumba, karibu na Bujumbura, katika nyumba zao mwaka 2021, na mwaka 2024 likakaribia alama za 1964. Kibirizi, ambako boti za abiria na mizigo hupakia, maji yaliingia kwenye vibanda na nyumba. Watu waliojenga pale hawakuwa wajinga. Walijenga kwenye ardhi iliyokuwa kavu maisha yao yote na maisha ya wazazi wao wengi. Nimeona kuta za mwambao zenye ufa unaopanda kwa ngazi, tofali hadi tofali, kutoka kona ya msingi hadi kona ya dirisha. Ufa wa namna hiyo unasema kona moja imeshuka na nyingine imebaki, na unalisema mapema, kabla ukuta haujaanguka. Naomba usomwe mapema. Kipimo cha udongo kwa nyumba ya kawaida si anasa; hata shimo la kina cha mita 3 likichimbwa mwisho wa masika, mtu akaangalia maji yamesimama wapi na mchanga unabomoka vipi, linasema mengi.

Sasa kuna kazi kubwa zaidi. Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na njia hiyo lazima ipite tena kwenye tope la Malagarasi lililowatesa Wajerumani. Safari hii tope litapimwa kabla ya tuta kupandishwa. Litatobolewa, litahesabiwa, na penye madaraja nguzo zitashuka hadi palipo pagumu.

Kabla nguzo haijaaminiwa, moja hujaribiwa. Inapandishiwa mzigo kwa jeki, kidogo kidogo, hadi umepita ule itakaoubeba maishani, na unaachwa hapo. Mtu anabaki na taa, daftari na sindano inayosoma sehemu za milimita. Kila baada ya muda anainama, anasoma, anaandika. Ukiwa ni usiku usio na mwezi, mbele yake ziwani zimetandazwa taa za wavuvi wa dagaa, mstari mrefu unaopanda na kushuka na wimbi. Anasoma tena. Sindano imesogea kidogo kuliko mara iliyopita. Anaandika saa, anaandika namba, anakaa kusubiri nyingine.